Igeuzeni Kadi ya Fundi

Ndugu zangu wa Kindu, wa Kasuku na Mikelenge, na ninyi wa ng'ambo Alunguli,

Wengi mnaijua kazi yangu huku Uingereza: natunza wazee majumbani mwao. Namwosha huyu, nampa dawa na chai, kisha napanda basi kwenda kwa mwingine. Leo naandika kwa sababu ya neno aliloniambia baba mdogo kwa simu juma lililopita. Nyumbani kwa nyanya wamefunga paneli za sola, na betri fundi ameiweka chini ya kitanda chake. Nikauliza, fundi gani? Nikajibiwa: "Mtoto wa hapa hapa, mama yake tunasali naye."

Mama yake namfahamu hata mimi. Nilichouliza ni kama amejifunza umeme.

Baridi iliyopita, boila ya gesi ya mama mmoja mzee ninayemtunza iliharibika. Akaja fundi, kijana mwenye adabu. Sheria ya huku inataka kila fundi wa gesi awe ameandikishwa Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na anatembea na kadi yenye picha, namba na tarehe ya kwisha. Mbele ya kadi yake sikuona kasoro. Nikaigeuza, maana nyuma ndiko zinakoandikwa kazi anazoruhusiwa. Majiko ya kupikia yalikuwemo, boila haikuwemo. Nikamwomba asiguse kitu. Alikasirika, na yule mama naye akanilaumu, kwani alikuwa anatetemeka na kijana alikwisha kumchangamsha kwa mazungumzo. Nilimfunika mablanketi mawili, nikapiga simu ofisini. Jioni akaja mwingine, kadi yake nikaigeuza vilevile.

Boila iliyofungwa vibaya inaweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mwenye nguvu ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, huenda akawahi kutoka nje. Mzee asiyeinuka peke yake hubaki pale pale kitandani. Na hewa hiyo msidhani ni ya Uingereza tu: inatoka kwenye mbabula wa makala mnaoingiza chumbani usiku wa mvua, na kwenye grupu ya umeme inayonguruma kibarazani karibu na dirisha. Betri za asidi nazo, zikichajiwa, hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha kuiwasha. Ndiyo maana chini ya kitanda si mahali pake.

Najua Kindu hamna daftari la kupigia simu. Lakini INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi, inafundisha mafundi wa nchi yetu tangu 1964, na aliyehitimu ana cheti. Aombwe akilete, na msome ni cha kazi gani, kwa kuwa cheti cha useremala hakifungi nyaya. Asiye na cheti amtaje aliyemfundisha, mkaulize kwake. Siwadharau hao, wapo waliofunzwa na wajomba zao wanaofanya kazi safi kabisa. Basi awapeleke kwenye nyumba aliyoifanyia kazi mwaka juzi, mwone kama nyaya bado zimetulia na kama kuna fyuzi kati ya betri na nyaya za nyumba. Fundi mzuri hataona mnamtukana. Atafurahi.

Na mzee asiachwe peke yake na fundi, wala na mjukuu wa miaka 9. Mtu mzima akae hapo tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu nyanya hawezi kuinama kuangalia kilichowekwa chini yake, na kwa heshima aliyonayo kwa wageni hatauliza.

Baba mdogo, leo usiku mhamishie nyanya chumba cha watoto. Kesho tafuta fundi uliyemhakiki, aitoe betri ile aiweke panapopita upepo, nawe usiondoke mpaka amemaliza. Gharama nitatuma mimi.