Kushuhudia si kuona tu

Katika Kiswahili, kushuhudia ni kuona jambo, tena ni kulisema mbele ya watu. Kiingereza kina neno testify, ambalo ni la kusema tu: aliyeona akanyamaza hajaifanya kazi hiyo.

Lubumbashi inaijua tofauti hiyo. Oktoba 2004, kule Kilwa, raia zaidi ya 70 waliuawa jeshi lilipoingia kuwafukuza waasi. Walioona ni wengi. Lakini kesi ililetwa Lubumbashi, mamia ya kilometa kutoka kwao, mbele ya korti ya kijeshi. Juni 2007, korti iliwaachilia wafanyakazi watatu wa Anvil Mining, kampuni ya migodi ambayo magari yake yalitumiwa na jeshi. Ni mwaka 2017 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoitaka serikali ya Congo kuwalipa wahanga dola milioni 2,5.

Kanisani ushuhuda unapigiwa makofi. Kortini unaweza kuleta hatari. Serikali ikitaka wakaaji waseme, ianze na nauli ya kuwafikisha kortini na ulinzi wa kuwarudisha nyumbani. Bila hayo, watu wataendelea kuona tu.