UTAFITI WA JIRANI, FAIDA YA NANI?

Ndugu Wafanyakazi wa Kivaa,

Ukame hauombi pasi mpakani. Kenya, Uganda na Tanganyika zililijua hilo, zikawa na kituo kimoja cha utafiti wa kilimo na misitu huko Muguga. Mwaka 1977 wakubwa waligombana, Jumuiya ikavunjika, kazi ile ikagawanyika. Aliyepata hasara ni mwenye jembe!

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi 1999. Leo ina tume ya utafiti wa afya huko Bujumbura, na ya sayansi huko Kigali. Vema. Lakini twauliza: mtafiti akiisha kutuhoji, majibu yetu huenda wapi? Hufungwa kabatini, kwa Kiingereza!

Bwawa la Masinga lilimalizika 1981. Mbona jirani yake bado angojea mvua? Swali hilo lichunguzwe na nchi zote pamoja.

Mwaka 2021 Wakuu wa Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Basi twadai: ripoti ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe barazani, na mfanyakazi apewe kiti maswali yanapochaguliwa. Hatutaki kuhesabiwa tu kama mbuzi.

Umoja ni Nguvu!