Msiwapige kwa Ajili ya Mario

Kila ninapokaa na walimu wenzangu waliostaafu, ikizuka habari ya michezo ya televisheni, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla ya shauri kusikilizwa. Gemu zimewaharibu watoto wa Kariakoo, wanasema. Zimewatorosha shuleni, zimewafanya wezi wa chenji za mama zao. Nami huwauliza: nani kati yenu aliyewahi kuketi akautazama mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho? Kimya.

Nitautaja mmoja, ule ninaoukumbuka zaidi katika vibanda vya Kariakoo mwishoni mwa miaka ya 1990: Super Mario Bros. wa kampuni ya Nintendo, uliotolewa Japani tarehe 13 Septemba 1985. Mwaka huo sisi wa Tanzania Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Amri ya Serikali ya 1974 ilikuwa imedhibiti uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni, na vituo vya Bara havikuanza hadi 1994. Kwa hiyo Mario alitufikia akiwa amechelewa, tena kwa mlango wa uani, ndani ya mashine za kuiga na kaseti zilizoandikwa kuwa zina mamia ya michezo, kumbe ni michezo michache iliyobadilishwa majina. Huo ni utapeli, na wa kulaumiwa ni mfanyabiashara. Mtoto hakuichapa lebo ile.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe, kama nilivyokuwa nikikagua somo la mwalimu mwanafunzi. Mario amesimama kushoto mwa kioo, na kulia kwake ni kweupe. Hakuna maelezo wala hotuba. Mtoto anajaribu, anaona njia ni ya kulia. Kinakuja kijidudu kimoja, taratibu. Asiporuka anakufa, lakini amepoteza sekunde chache tu, anaanza tena. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza. Akiligonga, uyoga unatoka, unateleza hadi kwenye bomba, unajigonga na kumrudia, hata mwoga anaupata, naye anakua. Mbele zaidi anaruka kati ya ngazi mbili, na katikati yake ni ardhi imara, akianguka hadhuriki. Ngazi zinazofuata ni vilevile, ila safari hii katikati kuna shimo. Kutoka rahisi kwenda gumu, kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana: ndiyo kanuni tuliyowakaririsha walimu vyuoni miaka nenda miaka rudi. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliitekeleza ndani ya kilobaiti 40, ambazo hazitoshi picha moja ya simu ya leo.

Njooni darasani kwetu. Kanuni za viboko za 2002, zilizofuata zile za 1979, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa mazito ya nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule. Hazisemi mtoto achapwe kwa kukosa hesabu. Lakini nani hajaliona hilo? Mtoto anakosea mara moja, anachapwa, na kesho hanyoshi mkono. Mtoto huyohuyo, kibandani, atakufa mara thelathini kwenye shimo moja, na mara ya thelathini na moja atalivuka. Kisha tunasema hana uvumilivu! Na kwa kuwa tumemkuta kibandani, tunamchapa tena.

Wengine husema huu ni utamaduni wa kigeni, fundi bomba wa Kitaliano aliyebuniwa na Wajapani. Hoja hiyo hunichekesha ikitoka kwa wazee ambao ujana wao uliishia kwenye foleni za Avalon na Odeon wakisubiri filamu za Kihindi.

Nakubali kwamba kibanda kinachompokea mtoto mwenye sare saa nne asubuhi kifungwe, na mwenyewe atozwe faini. Pesa ya chai pia si ya kuchezea. Lakini hapo mkosaji ni mtu mzima anayeipokea sarafu ile huku akiiona sare. Na kabla hatujamshika mtoto sikio, tumwulize mwalimu wake alikuwa akifundisha nini saa ile, na kwa njia gani. Wanaotaka kubishana nami waanze kwa kujibu hilo.