Shokapu ya Nyuma Isikudanganye

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa wanunuzi wa baiskeli za umeme za milimani, nayo inawagharimu fedha na wakati mwingine mifupa. Wanaamini kwamba baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma lazima iwe bora kuliko yenye shokapu ya mbele peke yake, na kwamba ukiipata kwa dola 1,500 au 2,000 umeokota dhahabu. Napinga. Kwa bei hiyo shokapu ya nyuma ndiyo inayoiponza baiskeli nzima, na anayeitathmini kwa kuhesabu shokapu anamfanyia kazi muuzaji.

Tazama zinavyouzwa. Mteja anaingia dukani, muuzaji anaweka viganja viwili juu ya kiti na kukandamiza kwa nguvu. Kiti kinazama, kinaruka juu, kinazama tena, kinanesa mara tatu nne ndipo kitulie. Mteja anafurahi, anaona ulaini. Kumbe alichoonyeshwa ni ugonjwa. Dereva yeyote wa Noah au Hiace anaujua: gari likivuka tuta kisha likaendelea kunesa, shokapu zimekufa, na siku hiyohiyo analipeleka kwa fundi. Kwenye baiskeli ugonjwa huohuo unauzwa ukiwa mpya dukani, tena kwa bei ya juu.

Shokapu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea pigo, na hiyo springi inaiweza. Ya pili ni kulizima pigo lenyewe: mafuta yanasukumwa kupita kwenye matundu membamba ndani ya silinda, nguvu inageuka joto, na gurudumu linarudi chini kwa utaratibu likiwa bado limeshika ardhi. Kazi hii ya pili ndiyo yenye gharama. Inataka sili nzuri, pistoni iliyochongwa kwa vipimo vya uhakika, vali, na kitufe cha kurekebisha kasi ya kurudi. Kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini kazi hiyo haifanyiki kabisa au inafanyika kwa jina tu. Unachokuta ni springi nene iliyopigwa chapa ya 750 LBS, maana yake inahitaji mzigo wa ratili 750 ili ibonyee inchi moja. Springi hiyo haitofautishi binti wa kilo 55 na baba wa kilo 100. Shokapu ya kweli hupangwa kwa uzito wa mwenye baiskeli: akikaa tu, inatakiwa izame robo hadi asilimia 30 ya mwendo wake wote, na ile ya upepo hujazwa kwa pampu yake maalumu mpaka ifike hapo. Nje ya hapo binti wa kilo 55 amenunua chuma kizito kisichomfaa kitu.

Sisemi shokapu ya nyuma ni upuuzi kokote ilipo. Nani atasema hivyo, ilhali leo hata mabingwa wa mbio za milimani, ambao zamani waliona kila gramu ya ziada ni adui, wanapanda zenye shokapu mbili? Horst Leitner, Mwaustria aliyetoka kwenye mbio za pikipiki, aliumiza kichwa kutafuta mahali pa kuweka kiungo kimoja kidogo karibu na ekseli ya nyuma ili kukanyaga pedali na kufunga breki kusiivuruge shokapu. Mwaka 1998 kampuni ya Specialized iliinunua hataza yake, na kwa miaka mingi waliotaka kuuza muundo huo Marekani walilazimika kupita kwa kampuni hiyo au kubuni njia nyingine. Ndiyo maana baiskeli ya umeme yenye shokapu mbili za uhakika, kutoka kampuni inayoheshimika, kwa kawaida huanzia karibu dola 4,000. Huo ni ufundi wa hali ya juu. Sasa niambie, anayekuuzia nusu ya bei hiyo, pamoja na mota na betri, amepunguza wapi?

Amepunguza pale jicho lako lisipofika. Fundi mmoja wa Arusha alinionyesha. Aliipindua baiskeli ya kijana aliyekuwa amesimama pembeni, akashika gurudumu la nyuma kwa vidole na kulisukuma kushoto na kulia. Lilicheza hadi ukaona uwazi. Akafungua bolti ya kiungo, akachomoa kipete cheusi kilicholika upande mmoja kama hilali. “Kaka, hapa ulitegemea kuna beringi,” akamwambia kijana. “Ni plastiki. Mvua za masika zimepita nayo.” Fremu ya aina hii ina viungo kadhaa, na kila kimoja kikianza kucheza, gurudumu la nyuma linafuata njia yake na la mbele njia yake. Ukiwa kwenye kona ya changarawe hilo ni jambo la kuangusha mtu. Fremu isiyo na shokapu ya nyuma haina kiungo hata kimoja cha kulika.

Kuna kosa kubwa zaidi, ambalo sioni wanaotathmini baiskeli hizi wakilisema kwa ukali unaostahili. Nyingi kati ya hizi za bei nafuu zina mota ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, maana mota ya katikati, pale kwenye pedali, ni ghali. Mota ya habu ina kilo tatu, nne, hata tano, na uzito wote huo unakaa upande wa gurudumu, chini ya springi. Gurudumu jepesi likigonga jiwe linapanda na kushuka haraka, na shokapu inalimudu. Gurudumu lililobebeshwa kilo tano za chuma na sumaku likigonga jiwe hilohilo linaruka kwa nguvu, linachelewa kurudi, na kile kishokapu dhaifu hakina uwezo wa kulidhibiti. Kwa hiyo sifa mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, mota yenye nguvu nyuma na shokapu nyuma, zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Hata wati 1,000 zinazotajwa kwenye tangazo zisikutishe. Mota ya Bosch Performance Line CX, iliyopanda milima mingi ya Ulaya, imesajiliwa kwa wati 250 tu kwa sababu ndicho kiwango cha sheria huko, na bado ilikuwa ikitoa hadi wati 600 inapodaiwa.

Breki ndizo zinazonikasirisha hasa. Baiskeli ya kawaida ya milimani ina kilo 13 hadi 15. Hizi zina kilo 28, 30, zaidi. Mtu wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 30 akishuka mita 300, anaachilia nishati inayokaribia kuchemsha lita nzima ya maji. Kutoka Lushoto hadi Mombo mteremko ni karibu mara tatu ya hapo. Sehemu ya nishati hiyo inamezwa na upepo unaokupiga kifuani, na iliyobaki, kila unapopunguza mwendo, inaishia kwenye diski mbili nyembamba. Halafu mtengenezaji anaweka breki za waya na diski za milimita 160! Zinafaa kwenda sokoni. Kwa mteremko mrefu na mzigo kama huo zinatakiwa breki za mafuta, zenye pistoni nne ikiwezekana, na diski za milimita 180 au 203. Fedha za breki hizo zilikuwepo. Zilitumika kununua springi ya nyuma.

Kama huniamini, fungua kitabu kidogo kinachokuja na baiskeli. Kiwango cha Marekani cha ASTM F2043 kinagawa matumizi ya baiskeli kwa madaraja: la pili ni barabara za changarawe na kushuka kwa ghafla kusikozidi sentimita 15, la tatu ni njia mbovu za msituni na kushuka kusikozidi sentimita 61. Baiskeli ikiwa na shokapu mbili na picha ya mtu anayeruka mwamba, kisha kitabu chake kikaiweka daraja la pili, mtengenezaji amekiri kwa maandishi kwamba haikutengenezwa kwa mlima.

Najua nitakachojibiwa. Wengine watasema wanahitaji shokapu ya nyuma kwa sababu ya mgongo. Maumivu ya mgongo si mzaha, nami siwabezi. Lakini tiba yake iko kwenye tairi kabla ya kuwa kwenye fremu: tairi la upana wa inchi 2.6, likijazwa upepo wa psi 22 hadi 25 badala ya kukazwa kama la lori, linameza mawe madogo na mizizi siku nzima bila kulika hata bushi moja. Ongeza nguzo ya kiti yenye springi kama bado. Na wanaume na wanawake wanaoshindana Migration Gravel Race, mbio zilizoanza mwaka 2021 kwenye barabara za vumbi na mawe za Maasai Mara, wengi wao wanazimaliza siku zote nne bila shokapu hata moja.

Wengine watasema: nitanunua hii sasa, shokapu nzuri nitaiweka baadaye. Ijaribu uone. Urefu wa shokapu hizi mara nyingi haulingani na vipimo vya zile nzuri, na hata ukiipata inayolingana, unaiweka kwenye fremu yenye viungo vya plastiki.

Mwaka 2024 Aventon, kampuni ya Marekani inayojulikana kwa bei nafuu, ilitoa baiskeli yake ya kwanza ya milimani, Ramblas, kwa dola 2,899. Haina shokapu ya nyuma. Fedha ilikwenda kwenye mota ya katikati, foku, yaani shokapu ya mbele, ya RockShox yenye mwendo wa milimita 130, breki za mafuta na betri iliyopimwa usalama. Huo ndio uamuzi wa mtu anayejua milima, na ndio ungestahili kusifiwa zaidi na wanaotathmini.

Kuhusu betri siwezi kukaa kimya, maana hapa hasara si ya mnunuzi peke yake. Mwaka 2023 moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 katika jiji la New York, na mwaka huohuo jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme zisizo na cheti cha usalama cha UL 2849. Betri isiyo na cheti ikilala sebuleni ikichajiwa, inawahatarisha watoto walio chumba cha pili. Na ikifa, usitegemee ndugu aliye Dubai au Muscat akuletee nyingine kwenye begi, kwa sababu abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli hizi mara nyingi hufika 500 au zaidi.

Kwa hiyo nawaambia waagizaji wa Nairobi, Arusha na Kigali wanaoanza kupakia baiskeli hizi kwenye makontena: acheni kutuletea springi za maonyesho. Leteni yenye foku nzuri mbele na fremu ngumu nyuma, breki za mafuta, tairi pana, betri yenye cheti, na betri za akiba ziwe tayari stoo kabla baiskeli ya kwanza haijauzwa.