Goti la kompyuta na magoti ya Kitaya

Niko nyumbani Kitaya kwa siku chache, Ruvuma hii hapa na Msumbiji ng'ambo, na hata huku kazi imenifuata. Wakala mmoja anayepeleka wagonjwa India amenitumia kwenye simu tangazo lake, anataka nilitoe gazetini kama habari. Daktari kavaa barakoa, mkono wa mashine umeinama juu ya goti, na maneno makubwa: GOTI JIPYA KWA KOMPYUTA, HAKUNA KUKOSEA. Chini kuna namba ya simu ya Dar. Ati Watanzania wana haki ya kujua.

Haya, basi tujue.

Kitu chenyewe si porojo. Kubadilisha nyonga kwa namna inayofanyika leo kulianza na Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962. Kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika kinakatwa, kinawekwa cha chuma, nacho kinazunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Magoti yakafuata. Mwaka 1992 roboti iliyoitwa ROBODOC ikatumika kwa mara ya kwanza kwa binadamu huko Sacramento, Marekani, kuchonga tundu la nyonga bandia ndani ya mfupa wa paja. Mwaka 1997 madaktari wa Grenoble, Ufaransa, wakabadilisha goti wakiongozwa na kompyuta.

Hiyo ya Ufaransa ndiyo watu wengi wanaichanganya na roboti. Kompyuta haishiki msumeno. Daktari anachomeka pini za chuma kwenye mfupa wa paja na wa mguu, juu yake kuna vitufe vinavyoakisi mwanga, na kamera iliyo pembeni inavifuatilia. Mguu unazungushwa, kompyuta inapiga hesabu ya katikati ya nyonga iko wapi, na kwenye skrini daktari anaoneshwa akate wapi na kwa pembe gani. Anayekata bado ni yeye. Faida yake iko kwenye mstari: kutoka katikati ya nyonga mpaka kwenye kifundo cha mguu, mstari unatakiwa upite katikati ya goti. Ukienda kando kwa zaidi ya digrii 3, wenyewe wanahesabu kwamba goti limekaa vibaya. Kompyuta inapunguza magoti ya namna hiyo. Hilo limepimwa mara nyingi na mimi sibishi.

Ila mgonjwa hatembei na digrii. Anataka aende sokoni, achuchumae, apande ngazi. Young-Hoo Kim na wenzake wa Korea Kusini walichukua wagonjwa 520, kila mmoja wakambadilisha magoti yote mawili, moja kwa kompyuta na jingine kwa vifaa vya kawaida. Mwaka 2012 wakatoa majibu, baada ya kuwafuatilia kwa wastani wa miaka zaidi ya 10: hakuna tofauti ya maana. Mtu yuleyule, miguu miwili, na goti la kompyuta halikulishinda lile la mkono. Nao Waaustralia, ambao huandikisha kila goti na nyonga inayobadilishwa nchini mwao, walitoa hesabu mwaka 2015: kwa walio chini ya miaka 65, baada ya miaka 9, waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa asilimia 6.3 kwa kompyuta na 7.8 bila kompyuta. Kwa hiyo faida ipo, ndogo, na zaidi kwa vijana. Shikeni hilo neno vijana, nitalirudia.

Sasa niambieni, hapo HAKUNA KUKOSEA imetoka wapi?

Sisi Watanzania ndio watu wa mwisho wa kudanganywa kuhusu kukosea goti. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishiwa upasuaji. Aliyeingia kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, aliyeingia kwa ajili ya kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishika kichwa. Yule wa kichwa alifariki, na wa goti ikabidi apelekwe India. Leteni pale kompyuta ya bei yoyote, yenye kamera hata kumi. Ingelikata goti la mtu asiye mwenyewe kwa usahihi wa nusu digrii.

Mnajua kilichokuja kuziba pengo la namna ile? Karatasi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya vipengele 19: kabla ya kisu, watu wote chumbani wasimame wataje kwa sauti mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, dawa ya kuzuia usaha amepewa au bado. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo, wadau, ilikuwa Ifakara, Morogoro, katika orodha moja na London, Seattle na Toronto. Matokeo yakatoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi na kalamu! Lakini hakuna wakala anayenipigia simu niandike habari ya karatasi.

Halafu kuna suala la mashine kuharibika. Wenzangu wa magazeti wanapenda sana maneno "kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki". Siku ya uzinduzi tunajaa, kamera, soda na keki, mheshimiwa anakata utepe. Siku mashine inapozima hatuitwi. Novemba 2015, Rais Magufuli akiwa na siku chache tu Ikulu, aliingia Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT-scan hazifanyi kazi. Alipofoka, zikatengenezwa ndani ya siku chache. Yaani uwezo wa kutengeneza ulikuwepo muda wote. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya roboti za magoti za siku hizi haziwezi hata kuanza kazi mpaka mgonjwa apigwe CT-scan ili ramani ya mfupa ichorwe. Jengeni ghorofa, lakini niambieni kwanza nani analipia fundi wa chini.

Nirudi kwenye vijana. Ukisikia nyonga bandia unamfikiria mzee wa Ulaya mwenye mkongojo. Njoo Kitaya. Jirani yetu hapa ana miaka 26, ana sikoseli tangu utotoni, na nyonga yake ya kulia imekufa. Imekufa kweli, si lugha ya picha: chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, kinasagika. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, na wanaofika utu uzima ndio wanaokutana na hili. Huyu kijana alipewa dawa za maumivu kwa miaka mitatu kabla mtu hajafikiria kumpiga eksirei ya nyonga. (Kituo sikitaji, maana visa vya namna hii viko kila mahali.) Msimu wa korosho wenzake wanaokota, yeye anakaa kwenye kigoda anabangua.

Huyu ndiye ambaye hesabu ya Australia inamhusu: mtu mwenye miaka mingi mbele, ambaye nyonga iliyowekwa ovyo itamrudisha mezani. Kwa hiyo msinielewe kwamba nasema maskini hawastahili kompyuta. Hiyo hoja ya "sisi bado" naichukia, imetumika kutunyima kila kitu kuanzia barabara ya lami. Nasema hivi: kompyuta inamsaidia mtu aliyekwisha kufika mezani. Kijana wetu yuko kilomita kama 600 kutoka MOI. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, hata hizo kilomita hazikupitika kwa siku kadhaa. Akifika, mbele yake kuna majeruhi wa bodaboda, ambao lazima watangulie kwa sababu mifupa yao iko nje. Na akipata zamu, ataulizwa kuhusu kipandikizi: nani analipa?

Hapo ndipo penye ukimya. Wengi huku walikuwa kwenye CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nyonga bandia haichongwi na fundi wa Nanyamba, ni chuma cha kuagizwa kwa fedha za kigeni. Mtu anaweza kupangiwa tarehe, daktari yupo, chumba kipo, wa usingizi yupo, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya kipande cha chuma kinachotosha kwenye mfuko wa rambo.

Wanaosema roboti itatuokoa na uhaba wa mabingwa nao wanatuchezea. Roboti haimwamshi mgonjwa, haioni usaha siku ya tano, haimfundishi kutembea. Na bingwa anayebadilisha nyonga mbili kwa mwaka atabaki wa nyonga mbili hata ukimpa skrini. Anakuwa fundi kwa kuzifanya nyingi, na ili azifanye nyingi lazima wagonjwa wafike na vipandikizi viwepo.

Kanda ya Kusini tuna hospitali ya rufaa pale Mitengo, Mtwara, ambayo Rais Samia aliizindua rasmi Septemba 2023. Jengo zuri, nimelipita juzi. Ninachotaka kisikike huko si "kwa mara ya kwanza". Nataka kusikia kwamba kila Jumanne kuna nyonga na kila Alhamisi kuna goti, vipandikizi viko stoo, karatasi ya vipengele 19 inasomwa kwa sauti, na kila goti linaandikwa kwenye daftari ili baada ya miaka 10 tujue yetu yanadumu au hayadumu. Wakifika hapo, waheshimiwa walete kompyuta, mimi mwenyewe nitakuja na kamera.

Na kuna swali moja ambalo naomba wenzangu wa kalamu tulishikilie kila tunapokutana na watu wa wizara. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mtu wa Kitaya anayeingia kupitia kaya yake, nyonga bandia imo kwenye kitita cha mafao au haimo? Wakijibu "mchakato unaendelea", tuandike tarehe waliyosema hivyo, na jina la aliyesema.