Muuza sambaza hana haja ya kutangaza kila siku

Katika miaka hii ya vita, mashirika mengi yamewafundisha wamama na vijana waliokimbia makwao namna ya kuuza kupitia mitandao ya kijamii. Kazi hiyo ni nzuri, na wengi wanatoka kwenye mafunzo wakiwa na hamu ya kuanza. Lakini karatasi ninayoiona mara nyingi mikononi mwao ni ya aina moja: jedwali la siku thelathini, kila siku na kisanduku chake. Jumatatu picha ya bidhaa. Jumanne maneno ya kutia moyo. Jumatano video ya namna unavyofanya kazi. Alhamisi waulize wafuasi wako swali. Na hivyo hivyo mpaka mwezi uishe, kwenye Facebook, Instagram na TikTok kwa pamoja.

Maoni yangu ni kwamba karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya duka lenye umeme, lenye kijana wa kupiga picha, na lenye wateja ambao mwenye duka hawajui. Mama anayeuza beseni moja la sambaza akiwa amepanga chumba kimoja Ndosho, au amepokelewa na jamaa Mugunga, hana duka la namna hiyo. Wateja wake ni watu arobaini, labda sitini. Anawajua sura, anajua nani analipa papo hapo na nani anasema "nitakuletea kesho". Mtu huyo hahitaji wafuasi elfu moja. Anahitaji wale sitini wajue kwamba leo samaki yupo, ni bei gani, na yeye yuko wapi.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Kupakia video kunakula mega. Kuifungua pia kunakula mega, na mteja wako naye ananunua forfe yake kwa shida. Ukimtumia video ya dakika mbili ya beseni lako, unamlipisha ili aone tangazo. Picha moja na mstari mmoja wa maneno vinatosha. Kabla ya kununua forfe ya kutangazia, hesabu ni faida ya mafungu mangapi ya samaki inayoingia humo. Kuna wanaotangaza kila siku na kila siku wanafanya kazi ya kulipa mtandao.

Sasa, mpango. Mimi sipingi mpango. Napinga mpango usiojua bidhaa. Chukua hiyo hiyo sambaza. Wavuvi wetu wa Ziwa Kivu wanatoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanawasha taa, na samaki anafuata mwanga. (Samaki huyo si wa hapa kwa asili, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini nani leo anaweza kuwaza Kivu bila yeye?) Mwezi ukiwa mkubwa angani, taa haina nguvu, samaki anatawanyika na nyavu zinarudi nyepesi. Kila mama wa Kituku anajua kwamba siku hizo sambaza mbichi ni chache na bei inapanda. Kumbe kalenda yake ya kutangaza tayari ipo juu ya kichwa chake. Usiku wa giza samaki ni wengi: tangaza mbichi, asubuhi mapema, siku nyingi mfululizo, na huku unanunua zaidi na kuanika. Mwezi mpevu ukifika, nyamaza kuhusu mbichi na utangaze kavu, kwa bei nzuri, wakati wengine hawana kitu. Jedwali la siku thelathini litamwambia mama huyu aweke picha ya sambaza mbichi siku ambayo hakuna hata moja ufukweni. Mteja atakuja, atakuta beseni tupu, na mara nyingine hataangalia tena statu yake.

Fundi wa nguo ana kalenda nyingine kabisa. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na watoto wetu wote wanavaa bluu na nyeupe. Fundi anayetangaza sare tarehe 1 Septemba amechelewa. Wazazi wenye mpangilio walishapeleka vipimo Agosti, na wasio na pesa wanatafuta ya mitumba. Kwa hiyo Julai mwishoni aanze kusema: napokea komande za sare, lipa nusu sasa, nusu ukichukua. Kwa Machi 8, wamama wanapotaka kitenge cha kufanana na wenzao, maneno yatoke mwanzoni mwa Februari. Halafu kuna Agosti 1, siku ya wazazi, na Noeli na Bonane. Kati ya hizo, fundi anaweza kunyamaza wiki nzima bila kupoteza kitu, au kuweka picha moja ya nguo iliyokamilika. Katika mwaka mzima hiyo ni misimu minne au mitano ya kutangaza kwa nguvu. Haihitaji programu yoyote, inaandikwa kwenye daftari la mtoto wa shule.

Vijana wataniambia kwamba TikTok inaleta wateja wa mbali. Ni kweli kwa baadhi. Anayeshona vikapu au nguo anaweza kupata mteja Kampala au Ulaya, na mimi nafurahi nikiona hivyo. Hata muuza chakula anaweza kuwa na mteja wa mbali: ndugu aliye Ubelgiji anayetuma pesa kwa simu ili wazazi wake hapa Goma wapelekewe unga na mafuta. Huyo ni mteja wa thamani, mwekee ukurasa wake kwenye daftari. Lakini kumbukeni mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na intaneti vilivyokatika. Siku chache baadaye TikTok na X zikazuiwa nchini. Aliyeweka biashara yake yote kule alibaki na simu kimya. Aliyekuwa na namba za wateja zimeandikwa kwenye karatasi alipiga simu ya kawaida mara mtandao wa kuongea uliporudi.

Jambo moja linanikera, acheni niliseme. Ile tabia ya kuweka picha nzuri bila bei, na chini yake "kwa bei njoo faragha". Wanasema ni ujanja wa biashara. Kwa mteja mwenye mega kumi zilizobaki, ni usumbufu. Anapita. Weka bei, weka kipimo (fungu, kilo au kopo), weka mahali, weka saa. "Sambaza mbichi ya leo, fungu 2000 FC, niko mbele ya kituo cha pikipiki mpaka saa sita." Basi. Mama mwenye watoto sita nyumbani anasoma mstari huo na anajua kama pesa aliyo nayo inatosha kabla hajavaa viatu. Na ukisema saa sita, uwepo mpaka saa sita.

Pia andika unavyopokea malipo. Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, watu wengi walihamia kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kutoa pesa taslimu kukawa na gharama inayouma. Kama unapokea kwa simu, amua mapema nani anabeba ada ya kutoa, na uiseme kwenye tangazo. Ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mteja unaanza kwenye ile franka mia chache ambayo hakuna aliyeitaja.

Kuhusu njia ya kutuma: wengi wanafungua kundi la WhatsApp na kuwaingiza wateja wote. Mimi nasema hapana, hasa kwa watu waliokimbia. Katika kundi, kila mtu anaona namba ya kila mtu. Kuna mwanamke aliyebadilisha namba ili asitafutwe, kuna familia isiyotaka ijulikane iko mtaa gani, na wewe kwa kutangaza dagaa umewaanika. Zaidi ya hayo, kundi la biashara siku mbili tu linageuka kuwa kundi la habari za vita na sauti zisizojulikana zimetoka wapi. WhatsApp ina orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu mpaka 256, na kila mmoja anaupokea peke yake bila kuona wengine. Sharti ni kwamba mteja awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake, la sivyo haumfikii. Kwa hiyo mteja akinunua mara ya kwanza, mwambie palepale: "Mama, nihifadhi kwenye simu, nitakuambia siku ya samaki." Hilo tangazo la mdomo lina kazi kuliko picha kumi.

Na namba unayouzia, iuzie tu. Nani anashika mji gani, jeshi limefika wapi, nani amekamatwa: usiviweke kwenye statu ya biashara. Kila mtu ana maoni yake, lakini wateja wako ni wa pande zote, na simu inaweza kufunguliwa na mtu yeyote njiani. Usionyeshe mlango wa nyumba inayokuhifadhi. Usionyeshe watoto. Usitangaze "kesho naenda Minova kuchukua mzigo", maana anayesoma anajua kwamba mtu anayekwenda kuchukua mzigo ana pesa. Tangaza mzigo ukishafika.

Kisha daftari. Mtu akikimbia, meza inabaki, cherehani inabaki, stoki inaibwa. Tumeona chukudu zimebeba godoro na sufuria, hakuna aliyebeba duka. Kitu cha biashara kinachoweza kuingia kwenye nguo ni majina na namba za wateja. Wapo wauzaji waliotoka Sake na Masisi wakafika Goma na mteja wao wa zamani akawa amefika pia, mtaa wa pili tu, na hakuna aliyejua namba ya mwenzake. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wowote wa kutangaza uwe na haya: jina, namba, mtaa, anapenda kununua nini, analipa siku gani. Mwalimu na askari hawalipwi siku moja na mbeba mizigo. Ukijua siku yao, unajua siku ya kutuma ujumbe. Nakili majina hayo mara mbili, nakala moja ikae kwa mtu unayemwamini. Usiyaache kwenye laini au kwenye simu tu.

Nimetaja laini kwa sababu yake. Wengi wetu tunatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine: shemeji, jirani, kijana aliyetuuzia barabarani. Siku simu inapoibwa, ukienda kuomba namba ileile irudishwe, wanataka kitambulisho cha mwenye laini. Kwa watu wengi hapa kitambulisho ni karte ya uchaguzi, na karte nyingi zilibaki kwenye nyumba zilizoungua. Bila namba, wateja sitini wanaandika kwa mwizi. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya forfe nyingine na kabla ya picha nyingine, angalia laini unayouzia ina jina la nani. Kama mwenye jina yuko karibu na karte yake bado anayo, nendeni pamoja mkaibadilishe. Kama hayuko, chukua laini nyingine kwa jina lako mapema, na uanze kuwaambia wateja mmoja mmoja wakati namba ya zamani bado inafanya kazi.