USIKIVU WA MASHINE USHUSHWE



Vijana wetu wakishika mashine ya kutafutia dhahabu wanapandisha usikivu hadi mwisho, eti isikie chini zaidi. Kwa udongo huu mwekundu wa Chunya hapana! Una chuma tele; mashine inalia ovyo kila hatua, na mlio wa kipande kidogo cha dhahabu unamezwa na kelele. Tumebaki na mashimo matupu, ng'ombe wa watu wanavunjika miguu.

Mimi nasema isawazishwe kwanza na udongo wa hapo hapo, kisha usikivu ushushwe kidogo kidogo mpaka itulie. Kina kitapungua, kweli, lakini si sana. Sahani ipite chini chini, polepole. Mlio ukijirudia palepale kwenda na kurudi, chimbeni. Na shimo lifukiwe siku hiyo hiyo.